Kamba ya mita 40 kwenye mwamba wa mita 20: je, tupande?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi, nimekulia Mikindani. Nje kidogo ya mji kuna korongo lenye ukuta wa mwamba wa mita 20 hivi. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi huku aliutoboa, akafunga bolti saba na pete mbili juu kabisa. Juu kunafikika kwa miguu ukizunguka nyuma. Alinipandisha mara chache, yeye akiwa ametangulia. Alipoondoka, miaka minne iliyopita, aliniachia mikanda miwili ya kiunoni, karabina (zile pingu za chuma zenye mlango), kifaa cha kushikia kamba chenye matundu mawili na kamba ya mita 40. Vyote viko stoo, pamoja na betri za sola na mifuko ya salfa ya mikorosho. Mdogo wangu anakuja likizo na tunataka kupanda wenyewe, mimi nikitangulia. Hofu yangu ni kamba kukatika, kwa hiyo nimefikiria kununua manila nene dukani, ile inayovuta magari, niitumie badala ya hii nyembamba. Minazi nakwea tangu utotoni, urefu haunitishi. Mdogo wangu ni mwembamba. Nimewaza azungushe kamba kwenye mti ili animudu. Mita 40 si zinatosha, 20 za kupanda na 20 za kushuka? Na tukifanikiwa, tunaweza kuweka bolti zetu kwenye majabali ya baharini kule nyumbani?"*

Mwalimu, nashukuru umeuliza kabla ya kupanda. Hofu yako iko kwenye kamba kukatika, na nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayokupeleka dukani kununua kitu kitakachokuumiza. Lakini kilichonishtua mimi katika barua yako ni lile swali ulilolipitia haraka, la mita 40. Huko ndiko watu wanakofia kwenye njia fupi kama yenu, tena wakiwa na kamba nzima kabisa mikononi. Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni fupi: na vifaa hivyo, kwa mpango huo, msipande. Sasa nikueleze kwa nini, na nini kinawezekana.

Tuanze na manila. Unaiona nene, unaiona ikivuta Fuso lililokwama kwenye tope, unasema hii haikatiki. Huenda kweli isikatike. Lakini kazi ya kamba ya kupandia ni kukusimamisha polepole, na hilo manila haliwezi. Anayetangulia hupanda kamba ikitokea chini yake, akiipachika kwa karabina kwenye kila bolti anayoifikia. Chukulia umepita bolti kwa mita 2 kisha mguu ukateleza. Utaanguka mita 2 hadi usawa wa bolti, na 2 nyingine chini yake, jumla mita 4 kabla kamba haijakaza. Hapo mwili wako unakwenda karibu kilomita 32 kwa saa. Kama una kilo 70 na kamba ikavutika ikakusimamisha ndani ya mita moja na nusu, mvuto wa wastani unaoupata unalingana na kubebeshwa kilo 260 hivi. Utashtuka, utatikisika, utaendelea kupanda. Kama kamba haivutiki na umesimamishwa ndani ya sentimita 20, ni anguko lilelile, mtu yuleyule, lakini mvuto unapanda hadi tani moja na nusu. Mvuto huo unaupokea kwenye nyonga na uti wa mgongo, bolti inaupokea, na mdogo wako aliyeshika upande wa pili naye anavutwa.

Ndiyo maana kamba halisi ya kutangulia nayo ina kiwango chake, kinachoandikwa EN 892. Maabara hudondosha uzito wa kilo 80 kwa anguko baya kuliko karibu yote utakayoyapata kwenye njia yenu, na kamba inatakiwa isimpe mpandaji mvuto unaozidi kilonyutoni 12, yaani kama uzito wa kilo 1,200. Namba hiyo ilitokana na utafiti wa kijeshi juu ya miili ya watu wa miamvuli: ni mpaka ambao mwili wenye afya unaweza kuuvumilia kwa kufumba na kufumbua. Kamba hiyo ina unene wa milimita 9 hadi 10 na nusu tu. Ndani ina nyuzi za nailoni zilizosokotwa kama springi, na nje ina ala ya kuzilinda. Mwisho wake kuna utepe wenye alama ya EN 892 na namba 1 ndani ya duara, maana yake inatumika peke yake, si kwa jozi. Ukiuziwa kamba isiyo na utepe huo, hata kama muuzaji anaapa, iache.

Nakutahadharisha pia na jambo ambalo huenda rafiki akakushauri: kuazima kamba kwa mafundi wa minara ya simu. Kamba zao ni imara na nyingi ni za kiwango kizuri, ila zimetengenezwa zisivutike, kwa sababu fundi anataka kuning'inia bila kuyumba. Kwa mtu anayetangulia na kuweza kuanguka mita kadhaa, hazifai. Kwa kamba iliyofungwa juu tayari ni habari nyingine, nitaifikia.

Sasa kamba uliyoachiwa. Yenyewe kwa asili huenda ilikuwa nzuri sana, lakini imelala miaka minne chumba kimoja na betri. Tindikali ya betri inakula nailoni, na ubaya wake ni kwamba haiachi alama: kamba inabaki laini, rangi ileile, unaipapasa mita kwa mita huoni kitu, kisha inakatika kwa mzigo mdogo. Huhitaji kumwagikiwa, kushika betri ukashika kamba, au kuiweka sakafuni pale tone lilipoanguka, kunatosha. Salfa nayo ni kemikali, na watengenezaji wa kamba wanasema wazi kuwa kamba iliyoguswa na kemikali usizozijua athari zake iondolewe kazini. Mikanda ya kiunoni imefumwa kwa nyuzi za jamii hiyohiyo, nayo iende na kamba. Najua inauma, kwa sababu huku kwetu vifaa hivi haviokotwi. Lakini sina namna ya kukusafishia kamba iliyokutana na betri, wala wewe huna. Ikate vipande vifupi vya mita mbili tatu, ili siku haupo nyumbani asije mtu akaitumia. Vyuma viangalie kimoja kimoja: mlango wa karabina ufunge wenyewe kwa nguvu, pasiwe na mfereji uliochimbwa na kamba, pasiwe na unga mweupe wa kutu ya aluminiamu. Kinachokutia shaka kiache.

Tuje kwenye mita 40. Hesabu yako kwenye karatasi ni sahihi, mwambani inakataa. Fundo la kukufunga wewe linakula karibu mita nzima. Mdogo wako hasimami kwenye ukuta, anasimama hatua moja mbili nje. Kamba haiendi wima, inapinda kufuata bolti kulia na kushoto. Kamba iliyotumika na kulowa husinyaa, kwa hiyo ile iliyouzwa mita 40 huenda leo ni 37 au 38. Na wewe mwenyewe umesema mwamba ni mita 20 "hivi", maana yake hujaupima.

Kupanda utapanda bila shida, kwa sababu wakati wa kwenda kamba inatumika mara moja tu. Utafika juu, utafurahi, utapitisha kamba kwenye pete, utasema nishushe. Mdogo wako ataanza kukushusha huku anakutazama wewe juu, kama anavyopaswa. Nyuma yake kamba inaisha na haoni. Ukiwa bado mita tatu, nne kutoka chini, ncha inapita kwenye kifaa na kutoka, na mkononi mwake hakuna kitu tena. Mita nne kwenye mawe ya korongo zinavunja mgongo. Hakuna kilichokatika, hakuna aliyezembea kwa macho ya mtu wa kawaida. Ajali ya namna hii imewapata wapandaji wazoefu duniani kote.

Dawa yake haina gharama: fundo kwenye ncha ya chini ya kamba, kila siku, kila mara, hata kama kamba ni ndefu kupita kiasi. Fundo haliwezi kupita kwenye kifaa, kwa hiyo kamba ikiisha unabaki unaning'inia, mnacheka, mnatafuta namna. Pili, nunua kamba ya mita 60. Tatu, pima ukuta kabla: mmoja aende juu kwa ile njia ya nyuma, akae mbali na ukingo akiwa amefungwa kwenye mti imara, ashushe uzi wenye jiwe hadi chini, kisha mpime uzi kwa futi ya fundi. Kamba iwe zaidi ya mara mbili ya urefu huo, na ziada isiwe chini ya mita tano.

Kuhusu mdogo wako na mti. Kinachomzuia mtu anayeanguka ni msuguano, si misuli ya mshika kamba wala kilo zake. Kamba inaingia tundu moja la kile kifaa, inapinda kuzunguka karabina, inatoka. Mkono ulio chini ukiishika kamba na kuivuta kuelekea nyongani, mkunjo unakuwa mkali na kamba inabanwa. Mkono huo ukiachia hata nusu sekunde, hakuna mkunjo, kamba inakimbia. Kwa hiyo mtu mwembamba mwenye mkono usioachia ananifaa kuliko jitu la kilo 100 linalopiga picha. Kwenye mti msuguano hautabiriki: mara unakwama unapotaka kamba ili uivalishe bolti, mara unateleza, na gome linachana ala. Achaneni nao. Tofauti ya uzito ina maana, lakini kwa namna nyingine: ukimzidi sana, anguko lako litamnyanyua na kumtupa kwenye mwamba. Kidogo kunyanyuka ni kuzuri, kunalainisha anguko. Ukimzidi kwa robo ya uzito wake au zaidi, aonyeshwe na mwalimu wa kamba jinsi ya kusimama, na papo hapo aseme kama kunahitajika kumfunga chini.

Kuna sehemu moja ambayo hata mshika kamba bora hawezi kukusaidia, nayo ni kati ya ardhi na bolti ya tatu. Tuseme bolti ya kwanza iko mita 3 na ya pili mita 5. Umefika karibu na ya pili, umevuta kamba juu ya kichwa ili uivalishe, mkono ukateleza. Kamba uliyoivuta imekuwa nyongeza ya anguko, na utagonga chini kabla haijakaza. Wengi wanadhani hatari inaongezeka kadiri unavyopanda juu. Kwa anguko la kawaida kwenye njia yenye bolti, ukiwa juu una kamba nyingi ya kuvutika na nafasi ya kuanguka. Huko chini huna.

Minazi imekufundisha jambo la maana: unajua kusukuma kwa miguu badala ya kujivuta kwa mikono, na watu wa mjini inawachukua muda mrefu kulijua hilo. Lakini mnazi unashuka mwenyewe, kwa mwili wako. Mwambani unakaa nyuma, unaachia mikono, unamkabidhi mtu mwingine uhai wako. Dakika ile ya kufika juu na kubadilisha kamba ndiyo inayotaka utulivu kuliko zote. Unajifunga kwenye zile pete kwa utepe wa kujishikizia uliofungwa kwenye mkanda wako wa kiunoni, unavuta kamba kidogo, unaipitisha kwenye pete zote mbili kama kitanzi, unafunga fundo lenye umbo la namba 8 kwenye kitanzi hicho na kulibana kiunoni kwa karabina yenye kufuli, ndipo unafungua fundo la mwanzo. Halafu, kabla ya kufungua ule utepe, unamwambia mdogo wako akaze, unaegemea kamba yote, unahakikisha inakubeba. Nimeliandika ili ulijue, si ili ulifanye kwa kusoma. Lirudie na mwalimu kwenye pete iliyofungwa usawa wa kifua, miguu ikiwa ardhini, hadi mikono ijiendee.

Na mkubaliane maneno kabla hujaondoka chini. Kwenye korongo sauti inarudi na upepo wa kusi unameza nusu yake. Ukisema "nimefika", mwenzio anaweza kudhani umemaliza kazi naye, akaitoa kamba kwenye kifaa, wewe ukakaa nyuma ukijua ameshika. Maneno matatu yanatosha: "kaza", "legeza", "shusha", kila moja likitanguliwa na jina. Hakuna neno la "basi nimemaliza" mpaka miguu iguse chini.

Bolti sasa. Vilima vya Masasi ni mwamba mgumu wa kale, wa jamii ya naisi, na bolti ya kupanuka inakaa vizuri humo: ukiikaza nati, koni inavutwa ndani ya mshipi wa chuma, mshipi unatanuka na kubana kuta za tundu. Bolti ya kiwango inatakiwa ibebe kilonyutoni 25 ikivutwa kuelekea chini. Lakini mimi sijui mgeni wenu aliweka za aina gani wala alitoboa vipi, nawe hujui. Ukining'inia kwa kamba kutoka juu, angalia: kibao cha chuma kinachobanwa na nati kinachezacheza? Nati inazunguka kwa vidole? Kuna mchirizi wa kutu chini yake? Gonga mwamba pembeni kwa jiwe dogo. Ukilia kama debe tupu, hapo pana ufa nyuma. Dalili moja tu kati ya hizi inatosha kuiacha njia hadi fundi wa kazi hiyo aione.

Majabali ya baharini jibu ni hapana. Chumvi na joto vinapasua hata chuma kisichoshika kutu: nje kinang'aa, ndani kina nyufa nyembamba, kisha kinakatika kwa uzito wa mtu. Kule Thailand, kwenye majabali ya Railay, iliwabidi wahamie kwenye bolti za titani zilizogandishwa kwa gundi maalumu. Ni kazi ya wataalamu na ya fedha nyingi. Na kama utashawishika na kuta za kule Newala, karibu na Shimo la Mungu, jiwe la mchanga la uwanda wa Makonde ni laini mno kwa bolti fupi. Katazame mandhari, urudi.

Kwa hiyo mfanye nini likizo hii? Kitu cha bure na cha kweli ni kupanda chini-chini: tafuteni sehemu ya ukuta yenye mchanga mtupu chini, mwende kwa ubavu, kushoto hadi kulia, miguu isizidi usawa wa goti la mtu aliyesimama. Mtajifunza kusimama kwa ncha za vidole, kuhamisha uzito, kupumzisha mikono. Njia ya pili, mkipata kamba mpya, mikanda mipya, helmeti na mtu anayejua, ni kufunga kamba juu kwanza kwa kupitia nyuma, kwenye pete mbili, kila moja na karabina yake yenye kufuli. Mnapanda kamba ikiwa juu yenu muda wote, anguko ni la shubiri mbili, na hapo hata kamba isiyovutika sana inavumilika ilimradi mshika kamba asiache ulegevu. Kutangulia kuje baadaye. Najua wewe unataka kutangulia, na hamu hiyo naiheshimu, lakini mwaka mmoja wa kamba ya juu utakupa mikono na macho ambavyo barua yangu haiwezi kukupa.

Mtu anayejua utampata wapi? Arusha na Moshi wapo, ila uliza vizuri: kuongoza watu Kilimanjaro kwa njia za kawaida ni kutembea, na si kila kiongozi hodari wa mlima ameshika kamba. Muulize kama amefundishwa kutangulia na kushusha mtu, na akuonyeshe. Kenya kuna utamaduni mrefu zaidi. Chama cha wapanda milima cha huko, Mountain Club of Kenya, kipo tangu 1949, na pale Hell's Gate, Naivasha, watu hupanda mnara wa mwamba uitwao Fischer wakiwa na viongozi. Safari ni ndefu kutoka Masasi, lakini siku chache huko zitakufaa kuliko kamba mbili mpya.

Siku mtakayokwenda, iwe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, asubuhi. Oktoba mwamba unaunguza na viganja vinateleza kwa jasho, na mvua zikishaanza, korongo linaweza kujaa maji yaliyonyesha mbali ambako hata wingu hamkuliona. Kaeni chini nusu saa mkitazama nyufa kama kuna nyuki wanaoingia na kutoka. Aliye kwenye kamba hawezi kukimbia, na nyuki wa kwetu hawana subira. Uongozi wa kijiji ujue mnakwenda, na wazee waulizwe kama mahali pale pana heshima yake.

Mtu wa tatu awepo chini, mwenye simu yenye chaji na namba ya dereva wa gari, si bodaboda. Aliyeanguka akalalamika shingo au mgongo, au hahisi miguu, hanyanyuliwi kukalishwa. Anatulizwa alipo na kusafirishwa akiwa amelala juu ya ubao mgumu. Hospitali ya Mkomaindo iko Masasi penyewe, na Ndanda iko barabara ya kwenda Lindi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Na aliyezimia akiwa ananing'inia kwenye mkanda ashushwe mara moja, kwa sababu damu inakwama miguuni na dakika chache tu ni nyingi.